Vizingiti vya pikapu vikiliwa na kutu: kabla ya kuchomelea bati jipya

Swali: Nina pikapu ya zamani yenye milango miwili. Vizingiti vya milango vimeoza pande zote mbili, pembe za nyuma za kebini zimetoboka, na juu ya magurudumu ya nyuma rangi imevimba. Nimeshanunua mabati mapya ya nje ya vizingiti. Grainda ninayo, na mashine ya kuchomelea ya MIG (inayolisha waya yenyewe) nitaipata. Naweza kuyavalisha mabati mapya juu ya yale ya zamani na kuchomelea kingo tu? Au nitumie gundi ya bodi? Nianzie wapi?

Jibu: Usiyavalishe juu ya yale ya zamani. Najua mabati mengi ya vizingiti yanauzwa yakiwa na umbo linaloshawishi hivyo, na siku ya kwanza kazi itapendeza. Lakini kati ya bati la zamani na jipya unabaki mwanya mwembamba usiofikiwa na brashi wala rangi. Maji yakiingia humo hayatoki. Moto wa kuchomelea nao umeunguza kinga yoyote iliyokuwa upande wa ndani, na kingo umezishikiza kwenye chuma ambacho kutu imeshakipunguza unene. Kutu itaendelea kula kwa ndani, na utakapoiona imetokeza nje, bati lako jipya litakuwa limeoza pamoja na lile la zamani.

Sababu iko kwenye jinsi kizingiti kilivyoundwa. Kebini ya pikapu hukaa juu ya chasisi kwa kutumia raba za kuegemea, na chini ya mlango kuna boksi refu lililofungwa: bati la nje unaloliona, bati la ndani linalotazama sakafu, na kwenye magari mengi bati la tatu la kuimarisha katikati. Yote yameunganishwa kiwandani kwa nukta za kuchomelea kwenye mdomo wa juu na mdomo wa chini, yaani kingo zilizokunjwa. Boksi hilo ndilo linalozuia kebini isilegee pale ilipokatwa nafasi ya mlango. Vumbi na tope huingia ndani yake, matundu ya chini ya kutolea maji yanaziba, na tope lenye unyevu linakaa juu ya chuma miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo kutu ya kizingiti huanzia ndani. Tundu unaloliona nje ni dalili kwamba ndani hali ni mbaya zaidi, na kazi yako kubwa itakuwa huko ndani. Bati la nje ndilo la mwisho kufungwa.

Kagua kabla ya kukata

Anza na chasisi. Gonga kwa nyundo ndogo kila baada ya sentimita chache, hasa kwenye mabano ya springi, juu ya ekseli ya nyuma na pale raba za kebini zinapokaa. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali na nyundo inaruka. Chuma kilichoisha kinatoa sauti iliyokufa na magamba yanadondoka. Pachika bisibisi pale penye shaka na usukume kwa nguvu. Ikiingia kwenye chasisi, acha mambo ya vizingiti kwanza, kwa sababu hakuna faida ya kutengeneza kebini iliyokaa juu ya kiunzi kibovu, na kuchomelea chasisi ni kazi ya fundi mwenye vifaa na ujuzi wake.

Kisha toa viti, zulia na vifuniko vyote vya plastiki upande wa mlango. Tazama bati la ndani la kizingiti kutoka ndani ya kebini, sakafu karibu na kona, na sehemu zinapofungwa boliti za viti na mikanda ya usalama. Kutu ikiwa imefika kwenye shina la mkanda, sehemu hiyo inataka bati la unene ule ule wa kiwandani na bamba la kuimarisha kama lilivyokuwa. Kiraka hakitoshi hapo. Angalia pia sehemu ya chini ya nguzo ya mbele, nyuma ya madigadi, kwani tope hujikusanya pale na watu wengi hawafungui kutazama.

Mabati ya nje umeshayanunua, sawa. Lakini usinunue mengine mpaka umefungua upande mmoja na kuona. Mara nyingi utahitaji bati la ndani la kizingiti, pembe ya kebini, na karatasi ya chuma laini ya kutengenezea vipande vidogo. Mabati ya nje ya bodi huwa na unene wa karibu milimita 0.8 hadi 1.0, kwa hiyo karatasi ya milimita 1 inafaa kwa sehemu nyingi za nje, na ya milimita 1.2 kwa vipande vya ndani. Bati nene kuliko hapo si uimara. Linapokutana na jembamba, jembamba linatoboka kabla nene halijayeyuka.

Moto na hewa

Ondoa kebo ya hasi ya betri, na kama gari lina kompyuta ya injini au mifuko ya hewa, chomoa plagi zake kwa kufuata kitabu cha gari. Klampu ya ati (ethi) ya mashine ifungwe kwenye bati lile lile unalochomelea, karibu na mkono wako, ili umeme usitafute njia kupitia bearingi au nyaya.

Jua mafuta yako wapi. Kwenye pikapu kadhaa za zamani tanki liko ndani ya kebini, nyuma ya kiti, yaani sentimita chache tu kutoka kwenye pembe unayotaka kuichomelea. Tanki kama hilo linatoka nje ya gari, halifunikwi kwa blanketi. Mipira na mabomba ya mafuta yanayopita kando ya chasisi yatolewe au yasogezwe. Ndani ya nguzo na pembe kunaweza kuwa na sponji au lami ya kuzuia kelele, navyo vinashika moto kimya kimya. Weka kizimamoto na ndoo ya maji karibu, na ukimaliza kuchomelea baki hapo angalau nusu saa, kisha urudi tena kutazama na kunusa.

Mambo mawili yanadhuru watu wasiojua. La kwanza, bati lililopakwa zinki: moshi wake mweupe unaleta homa na maumivu ya mwili saa chache baadaye, kwa hiyo saga zinki mpaka uone chuma kitupu, fungua milango, na vaa barakoa ya moshi wa kuchomelea. La pili ni kubwa zaidi: dawa ya kusafishia breki yenye klorini ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua. Safisha bati kwa asetoni au dawa ya kuondoa mafuta isiyo na klorini, iache ikauke kabisa, na upeleke kopo mbali kabla ya kuwasha mashine.

Funga kebini isisogee

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapoharibikia, na uharibifu wake haurekebishiki kwa urahisi. Ukikata kizingiti bila kuegemeza kitu, nafasi ya mlango inaweza kubadilika kwa milimita chache, ukachomelea bati jipya vizuri kabisa, halafu mlango ukagoma kufunga.

Weka gari mahali tambarare, uzito wake ukiwa kwenye chasisi, na stendi zikae chini ya chasisi, kamwe zisikae chini ya kebini. Mlango ukiwa umefungwa, pima mwanya unaouzunguka sehemu nne au tano na uandike kwa peni moja kwa moja juu ya rangi. Halafu chomelea mabomba ya mraba ya milimita 25: moja la mlalo kutoka nguzo ya mbele, karibu na bawaba ya juu, hadi nguzo ya nyuma, karibu na komeo, na jingine la mshazari. Yaweke upande wa ndani wa nguzo ili mlango uweze kufungwa yakiwa bado yapo, kwa maana utaujaribu mara nyingi. Na ufanye upande mmoja kwanza mpaka uishe. Usikate pande zote mbili kwa pamoja, hata kama kuna mtu wa kukusaidia.

Kukata

Usianze kwa kukata kwenye mstari wa mwisho. Kata dirisha katikati ya bati la nje kwa diski ya milimita 1, ukiacha sentimita 3 hivi juu na chini, utoe tope lote, kisha utazame ndani. Sasa unajua bati la ndani lina hali gani, na unaweza kuamua mstari wa kweli.

Ili kutoa midomo, futa rangi kwa msasa mpaka nukta za kiwandani zionekane, vishimo vya duara vilivyopangwa mstari. Gonga senta panchi katikati ya kila kimoja, kisha tumia keekee maalumu ya kukatia nukta, ya milimita 8. Simama mara tu unapomaliza tabaka la nje, uone duara la tabaka la pili likiwa zima. Ukitoboa yote mawili utakuwa na matundu mengi ya kuziba baadaye. Tenganisha kwa tindo jembamba, taratibu, ili mdomo wa ndani usikunjike.

Mpaka wapi? Saga pembeni ya tundu kwa diski ya msasa namba 80. Chuma kizuri kinang'aa chote. Vikibaki vidoa vyeusi ambavyo diski haivifikii, kutu imeshachimba kwenda chini, na hapo chuma ni chembamba hata kama bado kigumu ukikibonyeza. Endelea kukata mpaka vidoa viishe. Wengi huogopa hatua hii kwa sababu tundu linazidi kuwa kubwa, lakini kipande kikubwa kilichoshikwa na chuma kizima ni rahisi kuchomelea kuliko kipande kidogo kilichoshikwa na chuma kinachotoboka kila ukikigusa. Kwa pembe za kebini, kata chini kadiri inavyowezekana: ukipanda juu kwenye bati pana lililo bapa, joto litalipinda, na kulinyoosha ni kazi ngumu.

Ndani kwanza

Tengeneza bati la ndani na lile la kuimarisha kabla hujagusa la nje. Kiraka cha ndani kinaweza kulalia kidogo juu ya chuma cha zamani, sentimita 1 hadi 2, mradi pande zote mbili zitazibwa. Nyuso zitakazobaki zimefunikana zipakwe praima ya zinki ya kuchomelea, tabaka jembamba, na uifute pale tu moto utakapogusa, kwani ikiwa nene inafanya weldi kuruka cheche na kuwa na vitundu.

Kisha paka mapema praima ya epoksi kwa brashi ndani ya boksi na nyuma ya bati jipya, ukiacha sehemu za kuchomelea zikiwa tupu. Rangi nyeusi ambayo mabati mapya huja nayo wakati mwingine ni ya kulinda safarini tu. Isugue kwa thina: ikitoka, iondoe yote. Hakikisha pia matundu ya kutolea maji yapo kwenye mdomo wa chini wa bati jipya. Baadhi ya mabati ya kununua hayana kabisa, na ukifunga hivyo umetengeneza tanki.

Kuchomelea

Pachika bati jipya kwa klampu na skrubu za kujitoboa, funga mlango, linganisha mianya na vipimo ulivyoandika. Fungua, sogeza, funga tena. Usiwashe mashine mpaka mlango ufunge bila kuusukuma.

Kwenye midomo ya juu na chini, toboa bati la nje matundu ya milimita 8 kila baada ya milimita 30 hadi 40, kwa kufuata mpangilio wa nukta za kiwandani. Matundu haya utayajaza weldi. Waya wa milimita 0.6 na gesi ya argoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi asilimia 20 au 25 ndio mseto unaofaa bati la namna hii, mtiririko wa lita 8 hadi 12 kwa dakika, pasipo upepo. Mashine ya waya wenye dawa ndani, isiyotumia gesi, inapeleka joto jingi mno kwa bati la milimita 0.8. Kwa mtu anayejifunza, itamkatisha tamaa.

Weka mipangilio ukitumia vipande ulivyokata kwenye gari hilo hilo. Elekeza waya katikati ya tundu, kwenye bati la nyuma, uyeyushe hapo kwanza, kisha zunguka kuelekea kingo. Ikipoa, bana kipande kimoja kwenye jiliwa na ung'oe kingine kwa koleo. Weldi nzuri inang'oka na kipande cha bati la nyuma na kuacha tundu. Ikibanduka safi, haikushika, hata kama juu ilionekana nzuri: ongeza umeme kidogo na ujaribu tena. Jaribio hili ni la lazima, kwa sababu weldi iliyokaa juu tu huwezi kuitambua kwa macho.

Pale bati jipya linapokutana na la zamani sehemu inayoonekana, kama juu ya pembe ya kebini, liunganishe ncha kwa ncha, na mwanya usiozidi unene wa bati. Shikiza kwa nukta kila baada ya milimita 25 hadi 30, ukianza katikati na ncha, kisha weka nukta kati ya nukta, ukiruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Usivute mstari mrefu hata wa sentimita 3. Kabla ya kurudi sehemu uliyokwisha kuchoma, iguse: kama huwezi kuacha kidole hapo, bado. Ukiharakisha, bati litavimba katikati au kuzama, na kila puti (lahamu ya kusawazishia bodi) utakayoweka juu yake itakuwa ya kuficha mpindo huo.

Bati likitoboka, mara nyingi sababu ni chuma kilichochimbika na kutu, mwanya mpana, au rangi na zinki zilizobaki nyuma. Kupunguza umeme peke yake hakusaidii, kunaleta weldi iliyokaa juu. Shikilia bomba la shaba lililopondwa bapa nyuma ya tundu. Weldi haishiki kwenye shaba, na joto linanyonywa.

Gundi je?

Gundi ya bodi ya viambata viwili ni nzuri kweli, ila ina mahali pake. Kwa bati la nje la sehemu ya mizigo, kama lile la juu ya gurudumu la nyuma ulikoona rangi imevimba, inafaa, hasa kwa sababu haipindi bati na inaziba mwanya wote. Chuma kiwe kitupu na kimekwaruzwa pande zote mbili, bana kwa klampu bila kuikamua gundi yote nje, na usilete moto karibu nayo baadaye. Kabla ya hapo angalia ukingo wa ndani, kwa sababu bati la nje na la ndani hukutana kwenye mdomo wa gurudumu na tope hukaa hapo hapo. Kizingiti ni habari nyingine. Kinabeba nguvu ya kebini, na kama maelekezo ya mtengenezaji wa gari hayaruhusu gundi pale, chomelea.

Kufunga kazi

Saga weldi kwa diski ya msasa namba 60 au 80, juu ya weldi tu. Ukisaga na bati la pembeni unalifanya jembamba pale pale ulipopigania. Paka praima ya epoksi kabla ya kitu kingine chochote, kisha ziba kila muungano kwa sila ya bodi, ndani ya kebini na chini ya gari. Hapo ndipo puti inakuja, isizidi unene wa milimita 3, na kigumisho karibu asilimia 2 ya uzito. Kikizidi, rangi inaweza kubadilika doa baadaye. Puti haizibi tundu kamwe. Inafyonza maji kutoka nyuma na kuachia, na umerudi ulikotoka.

Rangi na praima za kunyunyizia zenye kigumisho cha isosayanati zinadhuru mapafu, na barakoa ya kichujio cha kawaida haitoshi. Zinataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama huna, paka epoksi kwa brashi ukiwa na glavu, na hatua ya mwisho mpelekee fundi wa rangi.

Rangi ikikauka kabisa, nyunyiza nta ya ndani ya bodi ndani ya kizingiti na pembe kwa mpira mrefu wenye ncha inayorusha pande zote, ukiuingiza hadi mwisho na kuuvuta taratibu. Fanya siku yenye joto ili nta ipenye kwenye midomo ilikochomelewa, kwa kuwa huko ndiko moto ulikounguza praima na hakuna brashi inayofika. Ikiacha kudondoka, pitisha waya kwenye kila tundu la kutolea maji uhakikishe nta haikuliziba, mimina maji kidogo kupitia tundu la juu, na utazame yanatoka wapi. Yakitoka kwenye matundu yote, ondoa mabomba ya kuegemeza, pima mianya ya mlango mara ya mwisho, kisha uhamie upande wa pili.